Maswali ya wasomaji: Seva ya Linux kwenye afisi yenye kompyuta za kila aina

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kisiwani Mombasa na ng'ambo zake: Shimanzi, Nyali, Likoni, Changamwe. Afisi zenyewe ni ndogo, kompyuta nane hadi thelathini, Windows za miaka tofauti, Mac moja au mbili, na seva ya Linux ambayo kazi yake kubwa ni kuweka faili za wote kwa Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawa faili kwa Windows na Mac. Majibu yametolewa kwa kufuata Debian 12. Mwenye Ubuntu Server atayafuata vivyo hivyo.

Faili la jana leo ni la kusoma tu

*Hamjambo wahariri. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Shimanzi, tuko tisa. Fundi aliyetuwekea seva alitupa jina moja, "afisi", na nywila moja, sote tukawa tunaingia nayo. Mwaka huu wamekuja wawili wapya nikawafungulia majina yao wenyewe. Tangu hapo ni vurugu: faili la Excel uliloliandika jana, leo linakwambia ni la kusoma tu. Nimepiga chmod -R 777 mara tatu. Hupona siku moja, kisha maradhi yanarudi. Niwarudishe hao wawili kwenye jina la afisi?*

Usiwarudishe. Hao wawili ndio walio sawa. Wanaohitaji kuhamishwa ni nyinyi saba.

Samba isipoelekezwa huunda kila faili jipya kwa ruhusa 0744 na kila folda kwa 0755, yaani mwenyewe anaandika na wengine wanasoma. Mlipokuwa nyote "afisi" hamkuliona hilo, kwa kuwa mwenye faili alikuwa mmoja. Excel nayo ina tabia yake: ukihifadhi, haiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili jipya la muda pembeni, halafu hulipa jina la lile la kwanza na kuliondoa la zamani. Kwa hiyo kila anayehifadhi anakuwa mmiliki mpya. Mgeni wenu akihifadhi orodha ya makontena saa nne asubuhi, tangu saa nne faili ni lake, ruhusa ni 0744, na nyinyi wengine mnabaki watazamaji. Ile 777 hurekebisha faili zilizopo, lakini haigusi zitakazozaliwa baadaye, ndiyo maana inadumu siku moja. Tena inawafungulia mlango hata wasiohusika, na inaweka alama ya programu kwenye kila PDF. Iacheni kabisa.

Anza na kikundi, kisha jina la kila mtu:

    sudo groupadd forodha
    sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G forodha amina
    sudo smbpasswd -a amina

Rudia mistari miwili ya mwisho kwa kila mfanyakazi. Wale wawili ambao tayari wana majina watie kwenye kikundi kwa `sudo usermod -aG forodha jina`. Usiisahau herufi `a`, kwani bila hiyo mtu anatolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote. Ile `nologin` inamzuia mtu kuingia kwenye seva yenyewe kwa SSH. Faili za Samba anazipata kama kawaida. Kisha zisafishe faili zilizopo, jioni watu wakishatoka:

    sudo chgrp -R forodha /srv/afisi/forodha
    sudo find /srv/afisi/forodha -type d -exec chmod 2770 {} +
    sudo find /srv/afisi/forodha -type f -exec chmod 660 {} +

Tarakimu 2 iliyo mbele ya 770 ndiyo yenye kazi. Inaamuru kila kitakachozaliwa ndani ya folda kirithi kikundi cha folda, si kikundi binafsi cha aliyekiunda. Sasa `/etc/samba/smb.conf`:

    [forodha]
      path = /srv/afisi/forodha
      valid users = @forodha
      read only = no
      force group = forodha
      create mask = 0660
      force create mode = 0660
      directory mask = 2770
      force directory mode = 2770

Pitisha `testparm` kwanza, ikuonyeshe kama kuna neno lililokosewa, ndipo upige `sudo smbcontrol all reload-config`. Mtu mmoja aunde faili, mwingine alihifadhi, kisha tazama kwa `ls -l`: linatakiwa kusoma `-rw-rw----` na kikundi kiwe forodha. Folda inatakiwa kuwa `drwxrws---`. Ukiona `x` mahali pa ile `s`, tarakimu 2 haikuingia.

Kuna mtego upande wa Windows ambao hupoteza watu siku nzima. Windows haikubali kompyuta moja iongee na seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Hutoa kosa namba 1219. Kompyuta zenu zote zinalikumbuka jina "afisi". Kwenye kila moja fungua dirisha la amri, piga `net use * /delete`, kisha `cmdkey /list` uone kama jina la seva limo. Likiwemo lifute kwa `cmdkey /delete:jina-la-seva`, toka na uingie upya. Zote zikishahama, zima jina la zamani: `sudo smbpasswd -d afisi`. Amri hiyohiyo ndiyo utakayoitumia siku mfanyakazi akiacha kazi, na hapo utaona faida yake: hubadilishi nywila ya watu wanane kwa sababu ya mmoja aliyeondoka.

Kuhusu Mac yenu, ongeza kwenye `[global]`:

    vfs objects = catia fruit streams_xattr
    fruit:metadata = stream

Mistari hii inaifanya Mac iweke taarifa zake za ziada pamoja na faili lenyewe, badala ya kutapakaza vifaili vyenye jina la kuanzia `._` kila folda. Halafu waambieni wote wasitie nukta mbili, alama ya kuuliza wala mkwaju kwenye majina ya faili. Linux inakubali faili liitwe `BL: kontena 3.pdf`, Windows haikubali, hivyo Samba italionyesha huko kwa jina fupi la ajabu lenye `~`, na mtu atadhani limeharibika.

Mashine ya fotokopi haitumi tena skani

*Tumepandisha seva kutoka Debian 10 hadi 12 kwa kupitia 11 kama inavyotakiwa. Kompyuta zote zinafungua folda vizuri. Lakini mashine kubwa ya fotokopi, iliyokuwa ikiskani moja kwa moja hadi kwenye folda, sasa inasema imeshindwa kuunganishwa. Nywila sijaibadilisha. Shule, Nyali.*

Mashine yenu inaongea SMB1, toleo kongwe la lugha ya kugawana faili mtandaoni, na seva yenu imeacha kuisikiliza. Debian 10 ilikuwa na Samba 4.9, Debian 11 ikaja na 4.13. Katikati hapo, toleo la 4.11 la mwaka 2019 liliizima SMB1 isipowashwa kwa makusudi. Kompyuta hazikuathirika kwa sababu zinaongea SMB2 na SMB3.

Fundi wengi wataandika `server min protocol = NT1` na kuondoka. Itafanya kazi, lakini mpangilio huo hauwezi kuwekewa folda moja: unafungua seva nzima, pamoja na folda za mitihani na karo. SMB1 haisimbi chochote kinachopita kwenye waya, na kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa kupitia tundu la SMB1 kwenye Windows. Seva iliyokwisha kuachana nayo isirudishwe huko kwa ajili ya fotokopi.

Ingieni kwanza kwenye ukurasa wa mashine wenyewe, kwa kuandika anwani yake ya IP kwenye kivinjari. Tafuta kama kuna chaguo la SMB2 au toleo jipya la programu yake. Likikosekana, karibu mashine zote za namna hiyo zina FTP. FTP nayo hutuma nywila wazi, ila tofauti ni kwamba unaweza kuifungia kwenye chumba kimoja: jina moja, folda moja, anwani moja.

    sudo apt install vsftpd
    sudo groupadd skani
    sudo useradd -d /srv/skani -M -s /usr/sbin/nologin fotokopi
    sudo passwd fotokopi
    sudo mkdir -p /srv/skani/zilizoingia
    sudo chown fotokopi:skani /srv/skani/zilizoingia
    sudo chmod 2770 /srv/skani/zilizoingia

Kwenye `/etc/vsftpd.conf` hakikisha kuna `local_enable=YES`, `write_enable=YES`, `chroot_local_user=YES`, `local_umask=007`, `pasv_min_port=40000` na `pasv_max_port=40010`, halafu `sudo systemctl restart vsftpd`. Umask ya kawaida ni 077. Ukiiacha, skani itafika lakini hakuna mwalimu atakayeweza kuifungua.

Makosa mawili yatakungoja hapa. La kwanza ni `refusing to run with writable root inside chroot()`. Limetokea kwa sababu umempa fotokopi umiliki wa `/srv/skani` yenyewe. Irudishe kwa root kwa 755, umiliki wake uishie kwenye `zilizoingia`. La pili ni `530 Login incorrect` ilhali nywila ni sahihi. Hilo linatoka kwenye `/etc/pam.d/vsftpd`, mstari wenye `pam_shells.so`, ambao humkataa yeyote mwenye `nologin`. Weka `#` mbele ya mstari huo.

Kama mnatumia ufw (ukuta wa moto wa seva), mpe ruhusa fotokopi peke yake, kwa mfano ikiwa iko 192.168.73.40:

    sudo ufw allow from 192.168.73.40 to any port 21 proto tcp
    sudo ufw allow from 192.168.73.40 to any port 40000:40010 proto tcp

Ikiwa ufw haijawahi kuwashwa, ruhusu SSH na mlango 445 (ambao Samba hupitishia faili) kwa mtandao wa ndani kabla ya kupiga `ufw enable`, la sivyo utajifungia nje na walimu pamoja nawe. Mwisho, ifungue `zilizoingia` kwa Samba kama tulivyoonyesha kwenye jibu la kwanza, kikundi kiwe skani, na kila mwalimu anayehusika atiwe kwenye kikundi hicho.

Kila asubuhi kompyuta tatu nne hazina mtandao

*Changamwe. Kila asubuhi baadhi ya kompyuta hazioni seva wala intaneti, ukizizima na kuziwasha mara mbili zinakubali. Si zilezile kila siku.*

Kuna mashine mbili zinazogawa anwani. Kwenye kompyuta iliyogoma piga `ipconfig /all` na usome mstari wa DHCP Server. Linganisha na kompyuta iliyo nzima. Ukikuta namba mbili tofauti, ile usiyoijua ni ya ruta ambayo mtu ameileta kuongeza nguvu ya Wi-Fi, akaichomeka kwa tundu lisilostahili. Kompyuta humsikiliza anayejibu kwanza, ndiyo maana si zilezile kila siku. Huna haja ya kumnyang'anya mtu ruta yake: ingia ndani yake, izime DHCP, ipe anwani iliyo nje ya safu inayogawiwa, na kebo itoke kwenye tundu la WAN iingie mojawapo ya matundu ya LAN. Itabaki kuwa mnara wa Wi-Fi tu.

Stima ikirudi, seva hairudi

*Shikamooni. Zahanati yetu iko Likoni. Mara nyingine stima ikipotea na kurudi, seva inakwama kwenye maandishi meusi, inasema "You are in emergency mode". Mara nyingine inawaka vizuri. Fundi anasema diski imekufa, tununue mpya. Kabla hatujatoa pesa tungependa kuwasikia nyinyi.*

Marahaba. Msitoe pesa bado. Ulizeni kwanza: siku inapokwama, je, diski ya nje ya nakala za akiba imechomekwa au mtu amekwenda nayo nyumbani? Seva inayowaka leo na kukwama kesho bila mpangilio, mara nyingi imeandikiwa kwenye `/etc/fstab` diski ambayo haipo. Ikiwaka huingoja sekunde 90, ikiikosa inakataa kuendelea. Diski iliyokufa haina siku njema na siku mbaya namna hiyo.

Njia ya haraka ya kuondoka hapo ni kuirudisha ile diski ya nje, kuichomeka na kuwasha upya. Ikishawaka, tafuta namba ya diski kwa `sudo blkid` na ubadilishe mstari wake uwe hivi:

    UUID=namba-yake /mnt/akiba ext4 nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

`nofail` ndiyo ruhusa ya kuendelea bila hiyo diski. Na usitumie `/dev/sdb1`, kwani ukichomeka fleshi nyingine herufi hubadilika. Ikiwa diski imepotea kabisa na skrini inasema akaunti ya root imefungwa, washa upya, kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, mwisho wa mstari unaoanza na `linux` ongeza `init=/bin/bash`, bonyeza Ctrl na X. Kisha `mount -o remount,rw /`, fungua `/etc/fstab` kwa nano, weka `#` mbele ya mstari wa diski hiyo, hifadhi, piga `sync`, halafu `reboot -f`.

Ili kuihukumu diski ya ndani kwa haki, weka `smartmontools` na upige `sudo smartctl -A /dev/sda`. Tazama mstari wa 5 na wa 197: tarakimu ya mwisho ikiwa sifuri, diski haina vidonda. Ikiwa 197 inapanda wiki hadi wiki, hapo fundi wenu ana haki. Mstari wa 194 ni joto. Mombasa mwezi wa Machi chumba kisicho na kiyoyozi hukaa juu ya nyuzi 30 mchana kutwa, kwa hiyo sanduku la seva lisisukumwe kabatini, na liwe mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Chumvi hula shaba: ukichomoa kebo ya mtandao ukakuta kutu ya kijani kwenye vijino, badilisha kichwa cha kebo kabla hujailaumu swichi. Wala lisikae chini ya kiyoyozi chenyewe. Maji yakidondoka yanadondokea humo.

UPS mliyonayo, je, ina tundu la USB? Isiyo nalo inaipa seva dakika kadhaa za uhai, lakini haiwezi kuiambia kwamba stima imekatika; betri ikiisha seva inaanguka vilevile. Yenye USB ichomekeni, `sudo apt install nut`, andika `MODE=standalone` kwenye `/etc/nut/nut.conf`, na kwenye `/etc/nut/ups.conf`:

    [ups]
      driver = usbhid-ups
      port = auto
      ignorelb
      override.battery.charge.low = 50

UPS za bei nafuu hutaka `nutdrv_qx` badala ya `usbhid-ups`. Amri ya `upsc ups@localhost` itakuonyesha kama zinaongea. Ile 50 tumeiweka kwa makusudi: betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na UPS ya pwani husema ina asilimia 40 kumbe imebakiwa na pumzi moja. Ili seva izime yenyewe lazima pia `upsmon.conf` iwe na mstari wa MONITOR wenye jina na nywila mlizoandika kwenye `upsd.users`. Jaribu siku ya mapumziko: chomoa UPS ukutani, kaa na saa mkononi, uone seva inazima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Na kwenye BIOS weka iwake yenyewe stima ikirudi.

Nakala ya akiba nayo imefungwa na kirusi

*Assalam aleikum. Afisi yetu ya mahesabu iko Moi Avenue. Kila usiku rsync inanakili folda zote kwenda kwenye diski ya nje. Kirusi kimeingia, faili zikabadilishwa majina na hazifunguki. Tulipoigeukia nakala, nayo ni hivyohivyo. Tunatumia jina moja la mtandao sote. Tufanye nini ili lisirudi, na tutajuaje ilianzia kwa nani?*

Wa aleikum salaam. Poleni sana. Rsync yenu ilitii amri: ilizikuta faili zilizoharibika, ikazinakili juu ya zile nzima. Nakala moja inayofutwa na kuandikwa upya kila usiku ni kioo cha folda ya jana. Mnahitaji siku nyingi zilizosimama kila moja peke yake:

    #!/bin/bash
    mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1
    LEO=$(date +%F)
    rsync -aAX --delete --link-dest=/mnt/akiba/mwisho /srv/afisi/ /mnt/akiba/$LEO/
    ln -sfn $LEO /mnt/akiba/mwisho

Kila usiku panazaliwa folda yenye tarehe. Faili ambalo halikubadilika halinakiliwi tena, linaunganishwa tu na la jana, hivyo siku 60 za nakala zinaweza kuchukua nafasi kubwa kidogo tu kuliko ya siku moja. Faida nyingine: usiku ambao kirusi kimepita, nafasi inayoliwa inaruka ghafla, kwa kuwa kila faili limekuwa jipya. Andika `df -h /mnt/akiba` kwenye daftari kila Ijumaa, utauona mruko huo.

Mstari wa `mountpoint` msiuondoe. Diski ikiwa haijachomekwa, `/mnt/akiba` ni folda tupu ndani ya diski ya mfumo, na rsync itaijaza hadi seva ikose pumzi. Diski yenyewe lazima iwe ext4. Zile za dukani huja na exFAT, ambayo haijui kuunganisha faili namna hii wala haihifadhi ruhusa. Muwe na diski mbili, mbadilishane kila Ijumaa, moja ikilala nje ya jengo, na folda ya akiba isionekane kwenye Samba kwa jina lolote. Kila mwezi rudisheni faili tatu kutoka tarehe tofauti na mzifungue kwa macho yenu. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5, kwa hiyo nakala ya kila mwisho wa mwezi isifutwe. Na ikiwa taarifa za wateja zimefikiwa na mtu asiyehusika kiasi cha kuweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Data.

Swali lenu la nani. Faili linaloundwa kupitia Samba hubeba jina la aliyeliunda. Kwenye afisi ambako kila mtu ana jina lake, amri moja ingeweza kujibu, mkiweka tarehe na saa ya usiku ule:

    sudo find /srv/afisi -type f -newermt '2025-03-04 18:00' -printf '%u\n' | sort | uniq -c

Ingetoa orodha ya majina na idadi, na mmoja angekuwa na maelfu. Kwenu itasema jina lilelile moja kwa faili zote. Kompyuta zote zikaguliwe moja moja kabla hata moja haijarudishwa kwenye mtandao, kisha mfuate jibu la kwanza la ukurasa huu.

Bosi anataka faili akiwa Nairobi

*Fundi wa ruta amesema atufungulie mlango 445 tu, bosi aingie popote alipo. Ni sawa?*

Si sawa, hata kwa siku moja. Mlango huo unapapaswa na mashine za dunia nzima saa zote, nanyi mmeuwekea faili za wateja nyuma yake. Tumieni WireGuard, handaki lililosimbwa kati ya laptopu na seva, ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020. Inafungua mlango mmoja wa UDP, kwa kawaida 51820, na haimjibu chochote asiye na ufunguo. Kila laptopu ipewe ufunguo wake: ikiibiwa, unafuta mistari yake kwenye seva na wengine wanaendelea.

Kabla ya yote tazameni anwani ya WAN kwenye ruta. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mlango utakaofunguka hata ruta ikikubali. Ombeni anwani ya umma, au kodisheni seva ndogo yenye anwani hiyo, afisi na laptopu zote ziunganike hapo, kila moja ikiwa na `PersistentKeepalive = 25`.

Kinachowashinda wengi ni namba. Afisi ikiwa 192.168.1.x na hoteli aliyofikia bosi pia ni 192.168.1.x, laptopu itamtafuta seva ndani ya hoteli. Peni afisi namba isiyo ya kawaida, kwa mfano 192.168.73.x, na bosi aifungue folda kwa anwani ya ndani ya handaki, `\\10.77.0.1\forodha`. Faili ndogo zikifunguka na kubwa zikining'inia, hasa kwenye mtandao wa simu, weka `MTU = 1280` upande wake.

Tuhamie domeni?

*Kompyuta 28, nusu ni Windows Home. Tunataka kila mtu akae kompyuta yoyote na aingie kwa jina lake. Samba inaweza?*

Inaweza, tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012. Lakini Windows Home haiwezi kujiunga na domeni, kwa hiyo hesabuni kwanza gharama ya kuzipandisha hizo 14 ziwe Pro. Jina la domeni lisiishie na `.local`, kwa kuwa Mac na printa hulitumia kutafutana zenyewe, `ad.` mbele ya jina la tovuti yenu linatosha. Kila kompyuta iitumie seva ya domeni kama DNS, bila ruta kuwekwa ya pili "kwa usalama", maana siku itakapoulizwa ruta, domeni haitaonekana. Kwenye Ubuntu, `systemd-resolved` inakalia mlango 53 na DNS ya Samba haitafanya kazi vizuri hadi uizime. Saa nazo: zikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, Kerberos, mlinzi wa kuingia kwenye domeni, humkataa mtu mwenye nywila sahihi. Wekeni chrony kwenye seva, `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, na kwenye kompyuta kuukuu zinazosahau saa kila zikizimwa badilisheni ile betri ya CR2032 kabla hamjaanza.